Mji Mzima Unaapa Mume Wangu Ndiye Bwana Kimya

Mpendwa Bi Hester,

Kwanza nakuomba ukae, na kama una chai mkononi iweke mezani, kwa sababu nina shida ambayo siwezi kumwambia mama yangu, siwezi kumwambia kasisi, na mume wangu ndiye mtu wa mwisho ninayeweza kumwambia kwa kuwa shida yenyewe ni yeye, au ni mimi, sijui tena, ndiyo maana nakuandikia wewe, kwenye safu yako ya ushauri.

Bila shaka unakijua kile kipindi cha magari cha Jumapili, Kona Kali, maana hakuna nyumba Uingereza isiyokitazama, hata zile zinazosema hazikitazami, na unamjua Bwana Kimya, yule dereva wa majaribio mwenye ovaroli ya kijivu na helmeti ya kioo cheusi, ambaye hulichukua kila gari jipya akalizungusha uwanjani kama ana ugomvi nalo, kisha hushuka, husimama mikono nyuma, hasemi neno, na watangazaji hupiga makelele kwa niaba yake. Hakuna anayejua ni nani, kwa hiyo kila mtu anajua ni nani. Huko mtandaoni kwenye ukumbi wa mashabiki wameshamtaja bingwa wa zamani wa pikipiki, mtangazaji wa hali ya hewa, mtoto wa mtukufu mmoja aliyefukuzwa jeshini, na kuna bwana mmoja ameandika kurasa na kurasa akithibitisha kwa mkunjo wa viwiko kwamba Bwana Kimya ni ndugu mapacha wanaopokezana.

Sasa tangu majira ya kuchipua jina linalotajwa kuliko yote ni la mume wangu.

Mume wangu anaitwa Clive na anatandika mazulia. Ni mfupi kidogo na mimi ni mrefu kidogo, kwa hiyo tumelingana kabisa, tunavaliana hata makoti ya mvua. Ni mtu mwema na mzungumzaji, lakini mwaka jana lilifunguliwa duka kubwa la mazulia nje ya mji wetu wa Thrapley, wateja wakamkimbia, akawa anakaa jikoni chai inapoa mbele yake, na mama yake, Beryl, hakumsaidia, maana kila Jumapili tukienda kwake kula nyama ya kuoka ni lazima amtaje Rupert, kaka mkubwa, daktari wa meno, Rupert kanunua hiki, Rupert kajenga kile, na Clive anamimina mchuzi juu ya viazi bila kunyanyua macho. Basi siku moja akapata kazi ya kutandika zulia kwenye ofisi za Kona Kali, kule kwenye uwanja wa zamani wa ndege za jeshi wanakorekodia, akatoka langoni na ovaroli yake ya kazi, ambayo kwa bahati mbaya ni ya kijivu, na mfuko wa vifaa wa mviringo, kama wa helmeti, begani, na kumbe kuna shabiki kajibanza kichakani nje ya uzio na kamera yenye mdomo mrefu kama bomba. Kesho yake picha ilikuwa kila mahali. NDIYE HUYU.

Barney Stubbs, mwenye baa ya mtaani kwetu, ndiye aliyekuwa wa kwanza kumvamia. Clive kaingia tu, hajavua hata koti.

"Mheshimiwa! Leo unakunywa bure."

"Kwa nini, nani kafa?"

"Usijifanye bwana. Picha tumeiona."

"Barney, mimi nilikwenda kutandika zulia."

"Zulia!" Baa nzima ikaangua kicheko. "Jamani mmesikia? Eti zulia! Ndivyo hasa Bwana Kimya angesema!"

Nilikuwa hapo hapo na glasi yangu ya juisi ya tufaha, nikataka kuwaambia kwamba Bwana Kimya asingesema chochote, ndiyo maana ya jina lake, lakini nilifunga mdomo. Bi Hester, mimi najua kwamba Clive si Bwana Kimya. Najua kwa sababu wakati Clive yumo ofisini amepiga magoti juu ya zulia, Bwana Kimya alikuwa uwanjani ndani ya gari jekundu la Kiitaliano, na Bwana Kimya ni mimi.

Ndiyo. Soma tena kama unataka. Watangazaji ndio waliompachika jina la "Bwana" siku ya kwanza, nami sikuwa na ruhusa ya kufungua mdomo kuwasahihisha, na katika majina yote yaliyowahi kutajwa na mashabiki, pamoja na wale mapacha, hakuna hata moja lililokuwa la mwanamke.

Siku ile nilimwona mume wangu ametoka nje wakati wa mapumziko yake, pai ya nyama mkononi, anatazama gari. Akanipungia. Nami kwa mazoea ya ndoa nikampungia, na kidogo niingie kwenye rundo la matairi. Jioni karudi nyumbani hajatulia, anazunguka jikoni na kiatu kimoja.

"Huwezi kuamini nimemwona nani! Bwana Kimya! Kwa macho yangu haya! Na kanipungia mkono, mimi, Clive!"

"Alaa," nikasema. "Anaendeshaje?"

"Ah, mpenzi," akaniambia, na alinionea huruma kabisa, "wewe huwezi kuelewa."

Usinifikirie kwamba nilipanga kumficha. Baba yangu alikuwa na yadi ya magari mabovu huko Lincolnshire, na Jumamosi wakulima walishindana shambani kwa magari makuukuu, kwenye matope, nami nilianza kuwashinda kabla miguu yangu haijafika vizuri kwenye pedali. Baadaye nikaajiriwa na kampuni moja kuendesha magari ya kujaribia matairi mapya, na tulipokutana na Clive nilimwambia kazi yangu ni kupima matairi, akasema, "Kumbe! Kwa rula?" nikacheka mpaka machozi, maana alikuwa amevaa sweta alilofumiwa na mama yake na mimi nilikuwa nimeshampenda, nikaacha hivyo hivyo, naye hakuuliza tena. Kona Kali waliponifuata, nikiwa bado na kazi ya matairi, walinipa mkataba unaosema nisimwambie mtu yeyote, awe mume, mzazi au kiongozi wa dini, na aliyenitangulia alivuliwa helmeti kwa sababu binamu yake aliropoka harusini. Kwa hiyo nyumbani anaendesha Clive. Nikiendesha mimi, anakamata mkono wa mlango na kusema, "Polepole kwenye kona, mpenzi, si mashindano," na nikiegesha anashuka kunielekeza kwa mikono miwili kama anaongoza ndege itue.

Mwanzoni alikataa kwa nguvu, nampa haki yake. Kisha akawa anakataa kwa tabasamu. Sasa hakatai tena. Muuza nyama anamfungia soseji za ziada. Maagizo ya mazulia yamefurika, kila mtu anataka sebule yake itandikwe na yeye, wanasimama mlangoni na kunong'onezana jinsi anavyokata kona. Beryl ameshusha picha ya Rupert na joho lake la chuo, akaweka juu ya meko ile picha ya kichakani, na juzi mezani alisema, "Rupert, hebu fikiri, anang'oa meno tu," na uso wa Clive ukawa kama wa mtoto aliyepewa zawadi ya mtu mwingine, anajua si yake lakini ameshaifungua. Anaimba tena bafuni, Bi Hester. Kwa hilo moyo wangu unafurahi, na papo hapo namwonea wivu, maana Jumapili iliyopita majirani walijazana sebuleni kwetu kutazama kipindi, nilipomaliza mzunguko mle kwenye runinga wakampiga Clive mgongoni, "Ile kona ya mwisho! Umefanyaje?" naye akasema, "Ni mazoezi tu," huku mimi nazungusha sahani ya biskuti. Ile kona nimeitafuta wiki nzima. Nimeiota.

Basi tukiwa tunaosha vyombo nikamuuliza.

"Clive, mimi mkeo. Niambie kweli. Wewe ndiye Bwana Kimya?"

Akaipangusa sahani iliyokwisha kukauka. "Mpenzi," akasema, sauti nzito, "kuna mambo mwanamume hawezi kumwambia hata mkewe. Ni kwa usalama wako."

Nilikwenda bustanini nikang'oa magugu kwa hasira, na karoti zake pia.

Na sasa mambo yamefika pabaya, maana Bi Gwendoline Tranter, mwenyekiti wa sherehe ya kiangazi ya kuchangia paa la kanisa, amepata ruhusa ya kufunga barabara ya kilima inayopanda hadi kwenye jumba la zamani la watukufu, tajiri mmoja ametoa gari lake la mbio lenye nguvu za kung'oa mti, na mabango yamebandikwa mji mzima: BWANA KIMYA (HATUJASEMA NI NANI) ATAPANDA KILIMA, na chini yake picha ya zulia lililokunjwa. Clive aliulizwa, akaitikia kwa kichwa kwa sababu alishasahau jinsi ya kukataa. Sasa chakula hakimshuki. Anakwenda kufanya mazoezi na gari lake la mazulia kwenye maegesho ya supamaketi na ameshaangusha kibanda cha vitoroli. Ile barabara naijua, katikati kuna kona yenye ukuta wa mawe, na ukuta ule hauna msamaha.

Nikimwambia ukweli napoteza kazi ambayo ndiyo pumzi yangu, na yeye anapoteza kitu cha kwanza kilichomfanya aimbe. Nikinyamaza ataumia, au atafedheheka mbele ya mji na mbele ya mama yake. Na kuna njia ya tatu ambayo nakiri imenikaa moyoni, kwamba siku ile nijifiche nyuma ya hema, nivae helmeti, nimpandie kilima mimi, kisha nimvalishe yeye atoke apungie watu. Naiweza, tena kwa raha. Nifanye lipi? Nijibu haraka, sherehe inakaribia na jana nimemkuta gereji anazungumza na usukani.

Wako katika dhiki,
Niliye Chini ya Helmeti

*

Ewe uliye Chini ya Helmeti,

Chai niliiweka mezani kama ulivyoniamuru na ninakushukuru, la sivyo ulipofika kwenye gari jekundu ningekuwa nimejiunguza. Mimi mwenyewe nimeapa mara nyingi mbele ya jirani yangu kwamba ni yule wa hali ya hewa. Nimekwenda kumwomba radhi, bila kumwambia sababu, na sasa ananiona nimechanganyikiwa. Hasara hiyo naiandika kwenye jina lako.

Pole, mama. Kuzungusha biskuti huku mwingine anapigwa mgongo kwa ajili ya kona yako ni jambo la kumfanya hata mtakatifu arushe sahani. Hukurusha. Nakuvulia kofia. Pole yangu imeishia hapo, sasa nisikilize.

Unasema Clive hakuuliza tena juu ya kazi yako, kana kwamba kosa ni lake. Aliuliza. Alisema, "Kwa rula?" Hilo ni swali. Ni la kipumbavu, lakini ni swali, na jibu lake lilikuwa fupi: hapana, kwa kuendesha. Wakati huo hapakuwa na Kona Kali wala mkataba. Ulicheka, ukamwacha na rula yake miaka yote, kwa sababu ilikupendeza kuwa na chumba kimoja moyoni ambacho yeye hana ufunguo wake. Halafu leo anakuambia kuna mambo hawezi kumwambia mkewe, unakwenda kuzing'oa karoti! Karoti zilikukosea nini? Mmekaa nyumba moja, mmoja anaficha alicho nacho, mwingine anaficha kwamba hana, na nyote wawili mnaita hivyo kulindana.

Yeye naye hachomoki. Kupokea soseji ni udhaifu, nami soseji zangu nisingezirudisha pia. Lakini kusema "ni mazoezi tu" juu ya kona ya mtu mwingine ni wizi, hata kama mwizi hajui kwamba mwenye mali ndiye anayempa biskuti. Mji umemvisha mumeo kilemba cha ukoka. Anajua ni ukoka, ndiyo maana hali chakula. Mbuzi wako njiani.

Ile njia yako ya tatu, usithubutu. Najua inakuwasha mikono. Uliandika "kwa raha," nami niliona kalamu ilivyokolea hapo. Ukimpandia kilima hiki, mwakani kutakuwa na kingine, na wewe utakuwa mtu anayejificha nyuma ya mahema ili mumewe apunge mkono. Utamchukia kabla paa la kanisa halijakwisha kuezekwa.

Fanya hivi. Kesho asubuhi wapigie simu wakubwa wako wa Kona Kali, uombe ruhusa ya kumwambia mtu mmoja. Katika barua yako ndefu sikuona mahali uliposema umewahi kuwaomba. Umeogopa mlango bila kuugonga. Na wakikataa? Ulitia saini mkataba mwingine, mbele ya kasisi, na ule ndio wa kwanza. Utaamua mwenyewe upi una uzito, lakini usijidanganye kwamba hujui.

Kisha mpeleke Clive kwenye uwanja ambao kampuni yenu hujaribia matairi. Si barabarani, sitaki polisi waje kuniuliza mimi. Usimhutubie. Maneno ameshayazoea, anaweza kuyageuza. Mkalishe kiti cha kushoto, mfunge mkanda, uendeshe. Kona ya kwanza usimwonee huruma. Ya pili mwonee. Mkisimama usiseme "unaona sasa?" Nyamaza, hiyo ndiyo fani yako. Ngoja yeye azungumze, na akikasirika mwache akasirike, ana haki yake, na wewe una yako, mtazigawana mkishatulia.

Habari ya sherehe ni yake. Apande jukwaani aseme kwa mdomo wake kwamba yeye ni mtandika mazulia. Asikutaje wewe. Asipofanya hivyo, uchukue ufunguo wa lile gari, uutie mfukoni, ukale keki.

Unaogopa kwamba ukimvua sifa atarudi jikoni kwenye chai iliyopoa. Inawezekana. Lakini mtu hashibi sifa za mwenzake, anashiba upepo, na upepo unaumiza tumbo. Zile sebule zote alizotandika mwezi huu alizitandika yeye, kwa magoti yake. Hilo hakuna aliyemsingizia. Mwambie.

Bi Hester

*

Jibu hilo nililituma kwa faragha. Baada ya sherehe kupita nilipokea barua ifuatayo, pamoja na ruhusa ya kuchapisha zote. Majina, mji na hata mboga nimebadilisha. Wewe unayesoma ukidhani umeshawatambua, hujawatambua.

*

Mpendwa Bi Hester,

Niliwapigia simu. Mkubwa wetu akasema, "Kwani hukumwambia zamani? Madereva wote huwa wanawaambia wenzi wao." Miaka yote hiyo, Bi Hester! Nilikata simu nikakaa kwenye ngazi nikicheka peke yangu mpaka mbwa akaja kunitazama.

Kesho yake nikampeleka Clive uwanjani. Alidhani tunakwenda kuchukua begi nililosahau. Nikamfunga mkanda, akaniambia, "Taratibu ukiondoka, mpenzi, hii gia ni—" na hapo sentensi yake ikaisha. Kona ya kwanza sikumwonea huruma kama ulivyoagiza. Ya pili nilisahau agizo lako. Niliposimama, alishuka, akazunguka gari lote, akaweka kiganja juu ya boneti yenye moto, akakaa kwenye majani. Nikangoja.

"Ulinipungia," akasema.

"Nilikupungia."

"Mimi nikaja nyumbani nikakuambia huwezi kuelewa."

"Ulisema hivyo."

Akajifunika uso. "Na nimekuwa nikikuelekeza kuegesha. Mbele ya watu!"

Kisha hasira ikaja, na ilikuwa ya kweli. Alisema nimemwacha acheze ngoma mbele ya mji bila suruali huku mwenye suruali nimekaa natazama. Nikamwambia juu ya ile kona na biskuti. Nililia, jambo ambalo sikulipanga. Akaniuliza ile kona ya mwisho nilifanyaje hasa, akauliza kama mtu anayetaka kujua, nikamweleza, nikichora kwa kidole kwenye vumbi la mlango, naye akauliza tena, na tena, mpaka mlinzi akaja kutuambia anafunga lango. Hapo ndipo nilipojua kwamba tutapona.

Kwenye sherehe alipanda jukwaani akachukua kipaza sauti kutoka kwa Bi Tranter. Akasema, "Mimi si Bwana Kimya. Sijawahi kuwa. Niliacha mseme kwa sababu ilinifurahisha, na nawaomba radhi. Mimi natandika mazulia."

Barney Stubbs akapaza sauti kutoka nyuma, "Ndivyo angesema!" na uwanja mzima ukalipuka kwa vigelegele.

Clive akasema tena. Wakashangilia zaidi. Akatoa kitambulisho chake cha chama cha watandika mazulia akakiinua juu, na mtu akapiga kelele, "Hata karatasi wamemtengenezea!" Mwisho Bi Tranter, machozi ya fahari machoni, akamshika mkono akampeleka kwenye gari. Nilikuwa nimeshauchukua ufunguo, Bi Hester, ulikuwa mfukoni mwangu na keki nimeshaianza, lakini Clive akanifuata pembeni akaniambia, "Nipe. Nitakwenda nalo mwendo wa maiti." Nikampa.

Alipanda kilima na gia ya kwanza. Bata mmoja alimpita. Penye ukuta wa mawe alisimama kabisa, akatazama kushoto na kulia kama yuko shule ya udereva, akaendelea, na karibu na kileleni akagusa robota la nyasi, likaanguka taratibu. Watu walikuwa wanagaragara kwa kicheko. "Tazama ustadi huo!" alisema mzee mmoja karibu yangu. "Unajua ilivyo vigumu kuendesha vibaya namna hiyo kwa makusudi?" Paa la kanisa limepata fedha kuliko walivyotarajia. Ukumbi wa mashabiki umefunga mjadala: ni Clive, hakuna shaka tena.

Aliyebaki ni Beryl. Alinivuta kando ya meza ya jamu, akaniangalia juu ya miwani.

"Mwanangu nimemzaa mimi," akasema. "Tangu azaliwe hajawahi kufunga mdomo muda wa kuchemsha yai. Huyo hawezi kuwa Bwana Kimya wa mtu yeyote."

"Sasa mbona uliweka ile picha, Mama?"

"Kwa sababu ametoka vizuri." Akapanga mitungi ya jamu ambayo ilikuwa imepangika. "Nilipaswa kuiweka zamani, ikiwa na zulia au haina. Kesho nitaiweka ya Rupert kando yake. Wewe una chochote cha kuniambia?"

"Mimi napima matairi, Mama."

"Ndivyo ungesema," akajibu, akanipa mtungi wa jamu ya plamu.

Mkubwa wetu ameruhusu uzichapishe barua hizi. Anasema andika tu kwamba ni mwanamke, mashabiki watacheka na kurudi kwa Clive. Tuliondoka sherehe watu wakiwa wamepanga mistari kando ya barabara kutuaga. Clive alifungua mlango wa gari la mazulia, akanipa usukani mbele ya watu wote, akaenda kukaa kushoto. Minong'ono ikapita kwenye umati kama upepo kwenye ngano.

"Jamani, mmeona? Kamwachia mkewe!"

"Yule jamaa hana hofu hata kidogo," Barney akasema. "Mimi nisingethubutu."

Clive akateremsha kioo na kufungua mdomo ili amjibu. Nikakanyaga mafuta.